Nimepata mibofyo 412, pesa sifuri: hii afilieti inakwendaje hasa?

BintiWaWete

Assalaamu alaykum wana barza.

Mie nipo Wete. Tangu mwaka jana nna blogu ndogo, naandika kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni wanaotaka kuja Pemba na hawajui waanzie wapi. Boti ya Unguja inashusha wapi, mtu akifika Mkoani apande nini, popo wa Kidike waonwe wakati gani, Ngezi na Vumawimbi vinakwendekaje bila ya gari ya kukodi, Misali unalipa wapi. Sikuanza kwa ajili ya pesa. Kila mgeni anayelala gesti ya kaka'angu anauliza masuali yale yale, nikaona bora niyaandike mara moja nipumzike.

Kisha shoga yangu aliye Unguja akaniambia: unawaachia watu vya bure, jiunge na afilieti, unaweka linki za wauzaji na kikiuzwa kitu unapata asilimia. Nikajiunga na mtandao mmoja wa kubuki vyumba, na Amazon vile vile. Nikapachika linki kila pahala, juu, katikati, chini, hata kwenye picha ya popo. Miezi mitatu sasa. Dashibodi ya vyumba inaonesha mibofyo 412. Mauzo 0. Kamisheni 0.00. Kaka anacheka, anasema ningeuza mandazi saa hizi nshanunua cherehani.

Nna masuali mawili. La kwanza langu: hii linki inajuaje kwamba mgeni kaletwa na mie? Na wale 412 wamepotelea wapi, au kuna mtu ananila?

La pili la kaka. Ana vyumba vinne. Kuna kijana ana ukurasa wa safari, kamwambia "mie nitakuletea wageni, unipe asilimia". Ampe ngapi, na atajuaje kweli kamletea yeye?

Naombeni mtu aliyefanya, si aliyetazama video.

KahawaJawsCorner

Upatu huo mwanangu. Jina jipya, mambo yale yale. Mandazi ndo biashara.

PapasiMstaafu

Wa alaykum salaam mwanangu. Mzee wa kahawa nimjibu mwanzo. Upatu unalipwa kwa kuingiza watu; aliyeingia jana analipwa na anayeingia leo, bidhaa hamna. Afilieti unalipwa kitu kikiuzwa, na kujiunga kwa kawaida ni bure. Mtu akikudai ada ya kiingilio na akakwambia ulete wenzako watatu, huyo sasa ndo wa kukimbiwa.

Mimi nilikuwa papasi. Naandika bila ya haya, watoto wangu wamesoma kwa kazi hiyo. Shangani na Forodhani, kuanzia 1994 mpaka 2007 nilipopata leseni ya kutembeza wageni na kuacha kuwakimbia polisi. Blogu nimeanza 2011. Nilidhani nakwenda kujifunza jambo jipya, kumbe ni ile ile kazi yangu, ila sasa miguu haiumi.

Kazi ya papasi mnaijua. Unamkuta mgeni Forodhani, unampeleka spaisi tua, ziara ya mashamba ya viungo, Kizimbani, duka la vinyago, gesti. Mgeni hakulipi wewe. Anayekulipa ni mwenye shamba, mwenye duka, mwenye gesti, tena akishauza. Asipouza umetembea na jua lako. Kwa lugha ya mtandaoni, mwenye duka ndo mtangazaji, na wewe mwenye blogu ndo mchapishaji. Mtangazaji anaipenda njia hii kwa sababu moja kubwa: akiweka tangazo la kawaida analipa watu walione au walibonyeze, wanunue wasinunue. Kwa papasi analipa kilichouzwa. Ile hasara ya kutembea bure kakubebesha wewe. Amazon walilijua hilo mapema, mpango wao wa afilieti ulianza 1996, wakati huo wanauza vitabu tu.

Sasa nije kwenye daftari, maana suali lako hasa ni la daftari.

Mwenye duka mmoja Mtaa wa Gizenga alikuwa na daftari chini ya meza. Ukileta wageni anaandika jina lako, wageni wangapi, wamenunua cha bei gani. Jioni ukipita unapewa chako. Jirani yake hakuwa na daftari, alikuwa na kichwa, na kichwa chake kilisahau kila jioni. Ndo maana kwenye intaneti ikaja mitandao ya afilieti: CJ, Awin, Rakuten na wengine. Wao wanashika daftari katikati, wanalipwa na mwenye duka, na papasi na mwenye duka wote wanalitazama daftari moja. Wengine, kama Amazon, wanashika daftari lao wenyewe, na papasi anaamini.

Fungua linki yako uitazame vizuri. Ina mkia wa herufi na tarakimu, mara nyingi baada ya alama ya kuuliza. Mkia huo ndo jina lako. Ukikatika, umekwenda kwa mwenye duka bila ya kuandikwa. Mgeni akibonyeza, kwa kawaida hafiki dukani moja kwa moja. Anapitishwa kwanza kwenye sava, yaani kompyuta, ya wenye daftari, kufumba na kufumbua, hata haoni. Hapo inaandikwa: mbofyo namba fulani, saa fulani, kutoka kwa binti wa Wete. Na brauza yake inawekewa kuki, kijifaili kidogo chenye ile namba. Kisha anaachiwa aende dukani. Akinunua, ule ukurasa wa kumshukuru unapeleka khabari kwa wenye daftari: oda hii, thamani hii. Wanaitafuta ile kuki, wanakuta namba, wanakuta jina lako. Siku hizi wengi wanaongeza njia ya pili, sava ya duka inazungumza na sava ya daftari bila ya kutegemea brauza, kwa sababu Safari, brauza ya Apple, tangu 2017 imeanza kuzibana kuki za namna hii.

Kuki ina umri. Ya Amazon ni saa 24. Mgeni akitia kitu kwenye kikapu ndani ya saa hizo, anaweza kukilipia mpaka siku 90 na ukapata chako. Maduka mengine wanatoa siku 30. Baadhi ya mitandao ya vyumba kuki inakufa mgeni akishafunga brauza, kwa hiyo akisema "nitafikiria, nitabuki kesho", kesho hiyo si yako. Lakini lina upande wake mzuri pia. Kwa Amazon hulipwi kwa kile ulichokionesha tu. Mie niliwahi kuweka linki ya miwani ya kuzamia, mtu akaingia nayo, miwani hakununua, akanunua chakula cha mbwa gunia zima. Nikalipwa cha mbwa.

Halafu kuna jambo linalouma, nalo nililijua kabla ya kompyuta. Nilitembea na Wataliano wanne kutoka Shangani, saa mbili, nimewaonesha milango, nimewanunulia madafu. Nikawafikisha duka la kanga. Pale mlangoni kasimama kijana aliyekuwa kaketi kutwa nzima kwenye kivuli, akawapokea: "karibuni, karibuni, njooni na mimi". Wakaingia naye. Mwenye duka akamwandika yeye. Nikagombana wee, akaniambia "mimi nnamuandika aliyeingia nao". Mtandaoni ndo sheria ya wengi: anaandikwa wa mwisho kubonyezwa. Wewe umemuelezea mgeni Pemba yote kwa kurasa tano, naye kabla ya kulipa akatafuta "kuponi ya hoteli", akabonyeza linki ya tovuti ya kuponi, ile inayokusanya maneno ya punguzo. Kamisheni ya kuponi. Na vipo viongezo vya brauza, programu ndogo mtu anazozitia humo, vinavyojitokeza mtu akishafika kwenye kulipa. Yule kijana wa mlangoni hajafa, kahamia humo.

Wengine wamevuka mpaka. Marekani mwaka 2010 watu wawili waliokuwa katika afilieti wakubwa kabisa wa eBay walishtakiwa kwa kupandikiza kuki kwenye brauza za watu ambao hawakubonyeza chochote. Ni kama papasi anayesimama kiwanja cha ndege akagusa begi la kila anayeshuka, kisha jioni akapita maduka yote kudai chake. Walilipwa mamilioni ya dola. Walikiri, na 2014 wakahukumiwa kifungo. Nalitaja ili ujue daftari lina wezi wa pande zote mbili, na ndo maana mitandao inakagua na inafunga akaunti bila ya kubembeleza.

Kwa hiyo "ananila nani" siwezi kukujibu bado. Niambie kwanza: hao 412 umewapata wapi? Na linki yako ukiibonyeza inafungua ukurasa gani hasa?

BiMwaniJambiani

Nimjibu kaka'ake, maana mimi nipo upande wa kulipa.

Mama yangu alikuwa katika wanawake wa mwanzo kulima mwani huku kwetu, 1989. Mimi nauza sabuni ya mwani. Mwaka juzi msichana mmoja wa Kijerumani alilala Jambiani wiki mbili, ana wafuasi wengi, akasema atanitangazia kwa asilimia. Wateja wangu wa nje wanaagiza kwa WhatsApp, sina tovuti yenye kikapu, kwa hiyo linki na kuki hazinisaidii. Nikampa neno la punguzo. Mteja akilitaja neno hilo anapunguziwa asilimia 10, na mimi najua kaletwa na yule.

Hesabu niliyoifanya nikiwa nshaumia, bora kaka'ako aifanye kabla. Pakiti nauza 15,000. Mafuta, mwani, karatasi na mshahara wa wasichana ni 7,500. Punguzo 1,500. Kamisheni niliahidi asilimia 15, kwa 13,500 iliyobaki ni 2,025. Nabaki na 3,975, na hapo sijagusa umeme wala sabuni zilizovunjika. Inalipa, lakini kwa mteja mpya tu.

Na hapo ndo nilipoteleza. Baada ya miezi miwili kila oda inakuja na lile neno, hata ya mteja wangu wa siku zote aliyekuwa ananunua kwa bei kamili. Kumbe limewekwa kwenye tovuti ya kuponi. Kwa hiyo nampunguzia mtu ambaye angenunua vile vile, kisha namlipa kamisheni mtu ambaye hakumleta. Sikumlaumu yule msichana, hakuliweka yeye. Nililiua lile neno, na sasa kila mtu wangu nampa la kwake, linakufa baada ya siku 30, na halimfai mteja aliyewahi kununua kwangu. Nalipa kila tarehe 5, kwa oda za mwezi uliopita ambazo hazikurudi. Nimeyaandika yote kwenye fomu ya ukurasa mmoja, wanatia saini.

Kaka'ako amuulize yule kijana masuali matatu: wageni wake wanatoka nchi gani, anaandika au anapiga picha tu, na je, yupo tayari kulipwa mgeni akishaondoka? Akikataa hilo la tatu aachane naye. Mgeni wa chumba anaghairi. Ukimlipa papasi wakati wa kubuki, pesa haikurudii.

Asilimia: tazama unachokatwa na mitandao mikubwa ya vyumba, kwa kawaida ni 15 au zaidi. Ukimpa kijana 10 kwa mgeni anayebuki moja kwa moja kwenu, yeye kapata kuliko anachopewa na wao, na nyinyi mmebakisha. Nimeandika 10 si 15 kwa makusudi. Ni rahisi kupandisha, kushusha kunaleta maneno.

KahawaJawsCorner

Kwa hiyo mpaka mgeni alale, aamke, aondoke, ndo papasi alipwe? Hii kazi inataka subira ya mvuvi.

BintiWaWete

Ahsanteni sana. Ami PapasiMstaafu, nimetazama kama ulivyosema, nimeona haya.

Katika 412, kama 300 zimetoka Facebook na WhatsApp. Kila nikiandika ukurasa mpya nautupa kwenye makundi: la waliosoma skuli pamoja na mie, la harusi ya binamu yangu ambalo halijafungwa mpaka leo, na lile la Wapemba walio Dar na Mombasa. Wanabonyeza wote, mashaallah, wananiunga mkono.

Linki ikibonyezwa, astaghfirullah, inafungua "hoteli za Zanzibar", na ya mwanzo hadi ya kumi na mbili zote ni Nungwi na Kendwa. Mtu kasoma kuhusu popo wa Kidike anaoneshwa bwawa la kuogelea Nungwi.

Na jengine. Nilimwambia kaka anunue taa ya kichwa kupitia linki yangu ya Amazon, kuna mtu anakuja kutoka Marekani angemletea. Bado hajanunua. Ni sawa?

PapasiMstaafu

Mzuie kaka'ako leo leo. Amazon hawaruhusu ununue mwenyewe kwa linki yako, wala usiwape ndugu na jamaa wakununulie. Mpwa wangu alinifanyia wema kama huo kwenye programu nyengine, akaunti ikafungwa na kilichokuwemo kikapotea. Sikuwa na la kusema, ilikuwa imeandikwa kwenye masharti ambayo sikuyasoma.

Sasa 412 zako. Hakuna anayekula, mwanangu. Umetembeza watu wa harusi.

Hao 300 ni ndugu zako. Wanajua Pemba kuliko wewe, wana mashangazi wa kulala kwao, chumba watabuki cha nini? Papasi akiwashika wapita njia wa Darajani wanaokwenda kununua samaki akawapeleka duka la vinyago, mwenye duka atasema kaleta watu 300 na daftari litasema sifuri, na wote wawili watakuwa wakweli. Waache wasome, ila usiwahesabu. Zimebaki kama 110. Kwangu mimi, baada ya miaka yote hii, katika mibofyo 100 ya watu wanaopanga safari kweli anabuki mmoja, msimu mzuri wawili. Na hao 110 wako umewapeleka Nungwi. Sifuri yako ni ya haki kabisa.

Zaidi ya hapo, anayebonyeza ndani ya Facebook kwenye simu, ukurasa unafunguka kwenye brauza ya Facebook yenyewe. Kuki inabaki humo. Usiku anakaa na mumewe kwenye kompyuta, wanabuki. Kompyuta haina kuki, haikujui. Hilo halina dawa kamili. Linapungua ukipata wasomaji wanaokuja kutoka Google wakiwa tayari na kalenda mkononi.

Fanya hivi. Kwenye ukurasa wa popo ondoa linki, mtu hapo anataka kujua saa, hataki kitanda. Acha linki kwenye ukurasa wa boti na ukurasa wa Vumawimbi, kwa sababu anayesoma saa za boti keshaamua kuja. Linki iende kwenye chumba cha Pemba, tena chumba kimoja au viwili ulivyoviona kwa macho yako, useme na ubaya wake. Mimi nikisema "gesti hii maji yanakatika alasiri lakini mwenyewe ni muungwana", watu wanabuki hiyo. Nikisema "nzuri sana" hawabuki. Enzi zangu ilikuwa hivyo hivyo: niliposema duka hili ghali, tutazame tu, walinunua.

Amazon usiwawekee vitu vya kila aina. Fikiria Mmarekani aliye nyumbani kwake, kabla ya kupanda ndege, anakosa nini? Plagi yetu ni ya miguu mitatu ya Kiingereza na umeme ni volti 230, kwao ni 120. Adapta ya plagi. Viatu vya kuingilia baharini kwa ajili ya miiba. Taa ya kichwa, maana Wete umeme mnaujua wenyewe. Andika ukurasa mmoja, "nini utie kwenye begi kabla ya Pemba". Asilimia zao ni ndogo na wanazibadilisha wanavyotaka. Aprili 2020 samani na vitu vya nyumbani vilishushwa kutoka 8 hadi 3, watu waliojenga maisha juu ya makochi wakaamka maskini. Na kumbuka wanataka mauzo matatu ndani ya siku 180 za mwanzo, bila ya hivyo wanafunga. Wewe umeshatumia siku 90. Pesa zenyewe zinakuja kama siku 60 baada ya mwezi kwisha, na watakutaka ujaze fomu ya kodi ya Marekani ya mtu asiye wa kule. Ijaze kwa jina lililo kwenye pasi yako, herufi kwa herufi.

Kuhusu vyumba, jua unagawana nini. Tuseme mgeni analala siku 3 kwa dola 40, jumla 120. Mtandao unakata 15 kwa mia, ni 18. Mara nyingi wewe hupewi sehemu ya 120, unapewa sehemu ya hiyo 18. Ikiwa robo, ni dola 4.50. Usihesabu kwa 120 ukamwambia kaka utanunua cherehani.

Halafu andika wazi, juu, kabla ya linki ya mwanzo, kwamba mtu akinunua hapa wewe unapata kitu na yeye bei yake haizidi. Marekani sheria ya kulinda wateja inataka hivyo hata kwa wenye blogu, na Amazon wanalazimisha. Nilikuwa naogopa kuandika. Kumbe hata zamani wageni waliniuliza, "wewe unapata kitu hapa?" Nilipojibu hapana waliniangalia vibaya. Nilipoanza kujibu ndiyo, asilimia kumi, walicheka wakanunua.

BiMwaniJambiani

Hapo kwenye kusema ubaya wa gesti, ya kaka'ake je? Ataisema?

BintiWaWete

Bi Mwani umenipata. Nitaisema. Vitanda vyake viwili vinalia.

BintiWaWete (wiki tano baadaye)

Nimerudi kuleta khabari, watu wasije wakakuta uzi huu nusu.

Nimeondoa linki 31, nimebakisha 6. Ukurasa wa popo hauna hata moja, umetulia, na wasomaji wameongezeka, labda kwa sababu unafunguka haraka. Makundi nimeacha kuyapelekea linki, nawapelekea picha tu. Mibofyo imeshuka: wiki tano zote 47. Kaka akacheka tena.

Katika 47, mmoja kabuki. Uholanzi, usiku mbili, ile gesti niliyoandika kwamba jogoo wa jirani anaanza saa tisa za usiku. Dola 2.90. Hali: inasubiri, kwa sababu atalala Agosti. Na Amazon wameuza adapta mbili kupitia kwangu, bado moja kabla ya siku zangu kwisha. Kamisheni ya adapta mbili haifiki nauli ya Wete mpaka Chake kwenda na kurudi, lakini nimeitazama ile tarakimu mara nyingi kuliko inavyostahiki.

Upande wa kaka: yule kijana wa ukurasa wa safari aliambiwa asilimia 10, analipwa mgeni akishaondoka. Akasema anataka nusu mwanzo. Wameachana kwa wema. Badala yake kampa neno mwalimu mmoja wa kuzamia aliye Mkoani, na mwezi huu kaleta Wafaransa watatu, wamelala, wameondoka, kalipwa. Kaka kanunua daftari kubwa la jalada gumu, ameandika juu "PAPASI" kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza kaniandika mie, wageni wawili waliosema wamesoma blogu, na mbele ya jina langu kaandika "ndugu, bila malipo". Tunaendelea kulizungumza hilo.

Bi Mwani, ile fomu yako ya ukurasa mmoja naiomba. Na ami, vitanda vimepigwa misumari, havilii tena, nifute ile sentensi au niiache?

PapasiMstaafu

Iache mpaka Mholanzi atoke. Kisha andika vimetengenezwa, na utaje tarehe.